Mtoto wa yaya (dada yangu mkubwa) ana diploma ya hesabu na fizikia, anataka kuingia Letre (kitivo cha lugha, fasihi na historia). Nyumbani kumechafuka, naomba tuongee

BintiKamalondo (Lubumbashi):

Jambo yenu wote, wakubwa kwa wadogo.

Naleta jambo la nyumbani, ingawa najua si la nyumba yetu peke yake. Mtoto wa yaya wangu amepata diploma ya Leta (ya serikali), seksyoni ya hesabu na fizikia, asilimia 64. Alimwagiwa poda kichwani, tukacheza mpaka giza. Siku ya tatu baba yake akamuuliza kama amekwisha kuchukua fomu ya Politekniki, kitivo cha uhandisi. Mtoto akajibu kwamba anataka kusoma historia, kitivo cha Letre, chuo cha Leta. Tangu siku hiyo bukari (ugali) pale inaliwa kimya.

Yaya amenipigia simu mara nne. Ananiambia mimi ndiye niliyemharibu mtoto, maana nilisoma Letre na kila Jumamosi anashinda kwangu. Hapo hajakosea.

Namwelewa shemeji. Mji huu ulizaliwa 1910 kwa ajili ya shaba. Hata leo ukiinua macho unakutana na lile bomba refu la moshi na kile kilima cheusi cha masalio ya tanuri. Babu zetu walikula posho ya kampuni. Mtoto mwenye akili ya hesabu hapa huulizwa swali moja tu: mgodi au udaktari? Letre watu wanaiona jalala, mahali pa waliokataliwa kwingine.

Niwape kisa kimoja, kisha mseme.

Miaka mitatu iliyopita niliitwa kutafsiri katika mkutano wa kijiji kimoja upande wa Likasi. Kodi ya migodi (yaani sheria ya migodi, si ushuru) iliyorekebishwa 2018 inazidai kampuni zikubaliane na wenyeji kwa maandishi watawafanyia nini, tena zitenge walau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya wenyeji. Basi wazee wamekaa chini ya mwembe, kampuni imemtuma mhandisi na karatasi ya vipimo vya maji ya kijito, Kifaransa kitupu. Akasoma: pH, kipimo cha asidi ambacho namba ikishuka asidi inapanda, ilikuwa 7, sasa ni 5. Akasema tofauti ni mbili tu, nitafsiri.

Nilikwisha kufungua kinywa niseme "mbili". Kikanijia kidarasa cha kemia cha sekondari, ubao na chaki: kila hatua ya kipimo kile ni kuzidisha kwa kumi. Hatua mbili ni mara mia. Nikamgeukia mhandisi, nikamuuliza kwa Kifaransa mbele ya wote kama asidi imeongezeka mara mia. Alikuwa mtu mkweli. Akanyamaza kidogo, akasema ndiyo. Nikawageukia wazee nikawaambia: ukali wa maji haya umezidi mara mia ya ulivyokuwa, na kipimo hiki kiko chini ya kile kinachofaa kunywa.

Mzee mmoja mwenye fimbo akauliza: "Sasa karatasi inasema mbili juu ya nini?"

Swali lile sijalisahau. Karatasi haikusema uongo, ila haikusema. Kemia ilinipa ile mia. Lakini kujua kuiuliza karatasi nani ameiandika, amemwandikia nani, na ameacha nini nje, hiyo nilifundishwa Letre, miaka yote nikiwa nimeinamia barua za wakoloni na ripoti za kambi za wafanyakazi.

Na ukweli wa upande wa pili ni huu. Somo la takwimu nililiona adui. Nilikariri fomula wakati wa bloku (majuma ya kujiandaa kwa mtihani), nikapata nusu, nikasahau zote. Kazi yangu ya kwanza ya maswali nyumba kwa nyumba niliandika kwamba asilimia 75 ya wajane hawana bomba. Wajane wenyewe walikuwa wanne. Aliyesimamia kazi alinirudishia karatasi bila neno, amezungushia ile 75 kwa wino. Nilijifunza upya takwimu nikiwa na miaka 27, usiku, kwa mshumaa umeme ukikatika.

Kwa hiyo ninachosema ni hiki: mwacheni aingie Letre, na hesabu yake asiitupe mlangoni. Huyu mtoto ndiye Letre inamkosa. Wenye uzoefu, nisaidieni kuongea na shemeji.

Fundi_Kolwezi:

Yaya, jambo. Nimesoma mpaka mwisho, na kisa cha maji kimenigusa kwa sababu mimi ndiye yule mwenye karatasi. Nilimaliza metalojia (elimu ya kuyeyusha madini), Politekniki. Mshahara wangu wa pili niliezeka nyumba ya mama kwa mabati mapya. Usiniudhikie nikisema hivi: mkutano ule ulikuwa siku moja. Siku nyingine 29 za mwezi ule ulikula nini?

Ninao wenzangu niliotoka nao sekondari moja, waliingia Letre. Wawili wanafundisha tangu miaka mingi na majina yao hayajaingia kwenye orodha ya mishahara ya Leta. Wanaishi kwa kile wazazi wanachotoa. Mtoto ana 64 ya hesabu na fizikia, na mlango huo wengi wanaulilia. Mwambie idadi ya siku unazoitwa kwa mwezi. Ukimficha hilo unamdanganya kwa upendo.

BintiKamalondo:

Mdogo wangu Fundi, huniudhi hata kidogo. Umeuliza linalostahili kuulizwa.

Miaka miwili ya kwanza baada ya kumaliza nilikaa kwenye sekretaria (kibanda cha kuchapa), nachapa memwari (tasnifu) za watu kwa ukurasa, na asubuhi nafundisha shule ya binafsi. Kiatu kimoja kilinipeleka mwaka mzima. Sasa nina vyanzo vitatu: kutafsiri, kuandika ripoti za maswali ya kijamii, na masaa machache darasani. Kuna mwezi naitwa siku 12, kuna mwezi siku 3. Mtoto anajua, maana daftari langu la mapato nimemfungulia mwenyewe, akajumlisha kwa kalamu yake.

Na hao wenzako wawili wanaofundisha bila mshahara, uchungu wao naujua, ninao nyumbani kwangu. Lakini deni lile ni la mwajiri. Historia na lugha hazijamdhulumu mtu mshahara.

MzeeWaLatini:

Wanangu, nawasalimu. Nimefundisha Kifaransa na Latini miaka 38, nimepumzika. Niruhusuni kurudi nyuma kidogo, maana naona mnapima Letre na sayansi kama watoto wa mama wawili tofauti.

Katika vyuo vya zamani vya Ulaya elimu ya mtu huru ilikuwa na masomo saba. Matatu ya neno: sarufi, ufasaha wa kusema, mantiki. Manne ya idadi: hesabu, jiometria, muziki na elimu ya nyota. Mwanafunzi alipita yote saba ndipo aende kwenye sheria, udaktari au teolojia. Ukuta baina ya Letre na hesabu ulijengwa baadaye. Kwetu tumeurefusha zaidi: mtoto wa miaka 15 anachaguliwa seksyoni, na ile seksyoni inamfuata kama jina la ukoo.

Sasa habari ya hapa. Chuo kikuu cha mji huu kilifunguliwa 1956, mji ukiitwa Elisabethville, enzi ya Wabelgiji, kikiwa cha Leta tangu siku ya kwanza. Mwaka 1971 Mobutu akaviunganisha vyuo vikuu vitatu vya nchi, cha Kinshasa, cha Kisangani na chetu, vikawa chuo kimoja cha taifa, na vitivo vikagawanywa kwa miji. Letre ikaangukia Lubumbashi. Kwa miaka kumi, aliyetaka kusoma Letre chuo kikuu alipanda treni au ndege kuja huku. Mwaka 1981 kila chuo kikapata tena kusimama peke yake, ndipo tukawa na Chuo Kikuu cha Lubumbashi tunachokijua.

Miaka ile ya 1970 Valentin-Yves Mudimbe alifundisha hapa. Mtoto wa Likasi, alizaliwa 1941 mji ukiitwa Jadotville. Mtu wa Kigiriki na Kilatini, wa filozofia na lugha, wote ndani ya kichwa kimoja. Baadaye alihamia Marekani, akafundisha Haverford, Stanford na Duke, akafariki huko Aprili 2025. Alipofariki, wanafunzi wa nusu ya dunia walimlilia, na alifundisha hapa hapa ambapo mtoto wetu anakatazwa kuingia.

Jambo jingine moja, maana nalipenda. Mwaka 1973 na 1974 mwalimu wa antropolojia aliyekuwa akifundisha hapa, Johannes Fabian, alikaa na mchoraji wa mtaani, Tshibumba Kanda-Matulu. Tshibumba alichora historia ya nchi nzima, picha baada ya picha, zikafika kama mia, na kila picha akaieleza kwa Kiswahili chetu hiki hiki cha Lubumbashi huku ikirekodiwa. Chuo kilitoka kikaenda kumsikiliza mtu wa mtaani. Na hata kabla yao, mwaka 1965, waliokuwa watumishi wa nyumba za Wazungu waliandikisha historia ya mji huu kwa Kiswahili, wao wenyewe, bila profesa. Mwanangu BintiKamalondo, mtoto akija Jumamosi mwanzie hapo.

Fundi_Kolwezi:

Mzee wangu, nakuheshimu, ninakaa chini kukusikiliza. Lakini Mudimbe ni mmoja. Tutahesabu nani mwingine?

MzeeWaLatini:

Sammy Baloji alisoma Letre Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Alichukua picha za kale za wafanyakazi wa migodi, akazipandisha juu ya picha za viwanda vilivyokufa alizopiga mwenyewe, na leo kazi zake zinaning'inia kwenye majumba ya sanaa makubwa. Yeye na wenzake walianzisha hapa hapa maonyesho ya sanaa yanayorudi kila miaka miwili, tangu 2008. Fiston Mwanza Mujila, mwandishi, naye alipita Letre, sasa anaishi Graz, Austria.

Lakini swali lako najua lilipo. Watatu si jibu kwa mzazi. Mzazi anataka kujua mia wengine wako wapi, na mia hao ndio wanaofundisha watoto wako kusoma, Fundi, ndio wanaosoma habari redioni, ndio walioandika barua ya kuombea kazi kila jirani yako. Ninawajua, niliwafundisha.

NyotaYaIowa:

Jambo kwenu kutoka mbali. Mimi ni wa Ruashi, Lubumbashi, sasa Marekani, jimbo la Iowa, mwaka wa saba huu. Nataka kueleza inavyokwenda kwenye chuo cha umma cha huku, kwa sababu hicho ndicho yaya BintiKamalondo anachokitafuta bila kukipa jina.

Nilianza na miaka 34, chuo cha umma cha miaka miwili. Nafanya kazi usiku kiwanda cha nyama, asubuhi niko darasani. Fani niliyoichukua kwa Kiswahili ningeiita sanaa na sayansi kwa pamoja. Inataka krediti kama 60. Hulazimishwi kusema siku ya kwanza utakuwa nani. Unalazimishwa kitu kingine: lazima uandike insha, lazima hesabu, lazima sayansi yenye maabara, lazima historia au filozofia, lazima somo la jamii. Muhula wa kwanza Jumatatu nilikuwa napasua jicho la ng'ombe na Jumanne najifunza jinsi hoja inavyoweza kuonekana sawa kumbe ina tundu. Baada ya hapo unahamia chuo cha miaka minne, unamalizia krediti zikafika 120 hivi, na huko sasa ndipo unachagua kabisa. Mkaazi wa jimbo analipa ada ndogo kuliko anayetoka jimbo jingine, maana jimbo linachangia.

Zipo pia shule za umma za miaka minne zinazojikita kwenye elimu hii ya sanaa na sayansi kwa pamoja, ndogo ndogo, zina umoja wao tangu 1987. Elimu hii huku wengi wanadhani ni ya watoto wa matajiri kwenye vyuo vya binafsi. Zile za umma zipo ili mtoto wa dereva naye aipate.

Asali haiji bila nyuki. Diploma yangu ya Leta ilibidi itafsiriwe kutoka Kifaransa, kisha ithibitishwe, na hiyo ililipiwa. Na nilichukua masomo mawili kwa kuyapenda, nilipohama hayakuhesabiwa, nikapoteza pesa na muhula. Uhuru wa kuchagua unataka mtu wa kukushika mkono, na sikujua kumuuliza mapema. Tena Wakongomani wenzangu huku huku wananiuliza neno lile lile la shemeji: utakula nini na hiyo?

Nilichopata ni kwamba sasa naandika. Nasimama kwenye mkutano wa shule ya wanangu, nasema, wananisikiliza.

MamaRuashi:

Samahani wasomi, mimi ni mama tu wa soko. Mwanangu naye yuko kwenye njia hiyo. Naomba kueleweshwa: jirani ananiambia siku hizi lisansi (digrii ya chuo kikuu) ni miaka 3. Mimi najua ni 5. Nani anataka kula pesa yangu?

BintiKamalondo:

Mama, jirani yako yuko sawa na wewe pia. Zamani ilikuwa graduwa miaka 3, halafu lisansi miaka 2, jumla 5. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 nchi imeingia mtindo wa LMD: lisansi miaka 3 ya krediti 180, yaani 30 kila muhula, halafu masta miaka 2, halafu udoktora. Kwa hiyo mwenye lisansi mpya amesoma miaka ile ile ya mwenye graduwa wa zamani. Usikubali mtu akuambie lisansi mbili hizi ni kitu kimoja, hasa mwajiri akiuliza.

Minervali (ada ya chuo) iulize kwenye kitivo chenyewe, uone kwa macho karatasi iliyobandikwa, ulipe benki, risiti uitunze ndani ya plastiki. Mtu wa katikati usimpe hata faranga. Na weka pembeni hela ya silabusi, usafiri wa kila siku na kuchapisha kazi, maana hizo ndizo zinazomrudisha mtoto nyumbani katikati ya mwaka wakati minervali imekwisha kulipwa.

MwanaBagira (Bukavu):

Nasalimia Lubumbashi. Mimi nasomea ualimu, ISP (chuo cha walimu), historia na sayansi ya jamii. Tangu vita iingie mjini Februari 2025 masomo yetu yanakwenda kwa mashaka, benki zilifungwa, wenzangu wengine wako ng'ambo ya ziwa au Burundi. Sina la kuongeza kwenye hoja. Nataka tu kumwambia huyo mdogo: mimi naandika kila jioni kilichotokea mtaani kwetu, tarehe, saa, bei ya makala (mkaa), bei ya unga. Mwalimu wangu wa mbinu za historia alitufundisha kuandika bei, kwa sababu bei haina hasira. Ukiwa na hesabu yako, siku moja njoo tuzichore bei hizi pamoja.

Fundi_Kolwezi:

Ndugu wa Bukavu, Mungu akulinde. Hilo la bei limenikalisha.

Yaya, nakubali sehemu. Aingie, ila awekewe sharti: kila mwaka, likizo, ajifunze kitu kimoja cha mkono wa hesabu. Takwimu, ramani za kompyuta, chochote. Sisi huku mgodini tunatafuta mtu anayeweza kusoma jedwali letu na kuongea na kijiji, hatumpati. Wanaojua jedwali hawajui kuongea, wanaojua kuongea wanakimbia jedwali. Akifika mwaka wa tatu anitafute, nitamwonyesha maabara ya maji.

BintiKamalondo:

Fundi, nimeinakili, nimempelekea. Amesema atakuja kukudai.

Narudi na habari ya Jumamosi. Nilifanya kama Mzee alivyosema, ila na kitu cha nyumbani. Nilimwomba mtoto alete kitabu cha kazi cha babu yake mzaa baba, aliyeingia Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, 1957. Kijitabu cha jalada gumu, pembe zimeliwa na mende, ndani kurasa zimejaa mihuri na namba ambazo hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuzisoma. Shemeji mwenyewe ndiye aliyekileta, alisema hakiamini mkononi mwa mtoto. Akakaa kwenye kiti karibu na mlango, kofia haijavuliwa.

Mtoto akafungua daftari, akaanza kunakili safu moja baada ya nyingine. Mwaka, daraja la kazi, posho. Baada ya saa nzima akasema: mama mdogo, hii safu ya mwisho si mshahara. Inakaa bila kubadilika miaka, halafu inapanda kwa moja. Moja, mbili, inakaa, tatu. Akachora kamstari. Nikamuuliza ni nini kinachopanda hivyo, kwa moja moja, na kampuni inataka kukijua kwa ajili ya posho. Akafikiri, akasema: watoto.

Akaendelea kusoma kwa sauti. 1963, nne.

Shemeji akainuka kwenye kiti, akaja akainama juu ya daftari, akaweka kidole kwenye kale kamstari.

"Huyu wa ine njo miye," akasema.

Walikaa pale mpaka bukari ikapoa. Jumatatu wanakwenda wote wawili kuchukua fomu, ya Letre. Shemeji ameomba kijitabu kibaki kwangu mpaka safu zote ziishe kusomwa.